KWELI AO BONGO? Jina la kobalti na mambo mengine ya chini ya udongo

Ninajua kuna nyumba ambamo ukurasa huu ndio unasomwa wa kwanza, mbele ya mafundisho, mbele ya habari za mitaa, hata mbele ya chakula. Si vibaya. Cheka kwanza, kisha urudi kwa ukurasa wa mbele. Lakini urudie kweli!

Mwezi huu ninapaswa kuanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Ilikuwa siku ya posho mchana, katika mkutano wa vijana. Tulikuwa tunacheza mchezo wetu wa «kweli ao bongo». Mnaujua: mmoja anasimama na kusema jambo fulani la dunia, wengine wanapaza mkono kama wanaliamini, wanakunja mikono kama wanaona ni bongo. Tulicheka sana siku ile. Kisha kijana mmoja akasimama. Ni kijana wa kwaya, anaimba sauti ya chini, na kwa siku za kazi anachimba katika kariere pamoja na wakubwa wake. Akasema: «Pasta, na mimi niko na yangu. Jina ya kobalti ni jina ya pepo. Kweli ao bongo?»

Kanisa lote likapasuka kwa kicheko. Na mimi nikacheka, tena kuwapita wote. Nikamwambia mbele ya watu: «Bongo! Nani alikudanganya vile? Hayo ni mambo ya telefone. Kaa chini, mwana wangu.» Akakaa.

Posho iliyofuata hakuja. Na ile nyingine hakuja. Siku ya yenga kiti chake cha kwaya kilikuwa wazi, na wale wa sauti ya chini walikuwa wanatafuta wimbo kama watu wanaotafuta njia usiku. Nikauliza mama yake. Mama akaniambia: «Pasta, mutoto hakuuliza juu ya kuchekesha watu. Aliuliza sababu alikuwa na woga.» Kumbe kule kariere walimwonyesha maneno hayo kwa telefone, na mmoja akamwongezea ya kwake, kwamba mkristo akishika jiwe lenye jina la pepo, anajifunga na pepo kwa mkataba. Kijana alikuwa hapati usingizi. Alileta woga wake kanisani, na pasta wake akaufanya kichekesho.

Nikarudi nyumbani. Nikasema nitafute maneno ya kumjibu vizuri. Niko na diksionere kubwa ya Kifaransa, niliipata wakati wa Shule la Biblia, kifuniko kimetoka lakini karatasi ziko zote. Nikaifungua kwa neno kobalti. Nikasoma. Nikavua miwani, nikaifuta na shati, nikasoma tena.

Kijana alisema kweli.

Jioni ile ile nilienda kwao. Nilimkuta anafua nguo zake za kazi. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake na wadogo wake, sababu nilimwaibisha mbele ya watu, haifai kumwomba msamaha kwa siri. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: «Sasa, Pasta, niache kuchimba?» Nikamwambia: «Leta kiti. Nitakuelezea habari yote kama nilivyoipata kwa diksionere na kwa mwalimu mmoja wa shimi, na utacheka wewe wa kwanza.»

Na ninyi leteni viti.

Zamani, kwa miaka ya 1500, katika milima iliyo kati ya Saxe ya Ujerumani na nchi inayoitwa leo Ucheki, kulikuwa na migodi mikubwa ya feza. Watu walifika kutoka pande zote, kama vile watu walivyofika hapa kwetu kwa ajili ya mukuba. Wachimbaji wale walijua jiwe la feza kwa kulitazama. Lakini mara kwa mara walikuwa wanapata jiwe zito, linalong’aa vizuri, linalofanana kabisa na jiwe la feza. Wanalipandisha kwa nguvu nyingi, wanalitia ndani ya moto. Feza haitoki. Kinachotoka ni moshi wenye harufu kama ya kitunguu saumu, na wenye kuuvuta wanagonjwa, wanatapika, mikono na miguu inatoka vidonda.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Wao walisema: tumeibiwa. Waliamini kwamba chini ya udongo kunakaa pepo wadogo, wafupi kama watoto, wenye sura ya wazee. Waliwaita Kobold. Wakasema Kobold wameiba feza yetu usiku, na mahali pake wameweka jiwe la bure lenye sumu, juu ya kutucheka. Wakaliita jiwe lile kwa jina la mwizi. Na jina likabaki. Ndilo hili unalosikia kila siku kwa depo, mnunuzi akipima mufuko wako.

Kulikuwa na munganga mmoja, Georgius Agricola, aliyeponya wachimbaji wa mji wa Joachimsthal katika milima ile. Alikuwa mtu wa elimu kubwa. Kitabu chake cha kazi ya migodi kilitoka mwaka wa 1556, mwaka mmoja kisha kufa kwake, na watu wamekitumia kwa muda wa miaka mingi sana. Mtu wa elimu namna ile, lakini naye aliandika habari za pepo wa migodi! Katika kitabu kingine cha mwaka wa 1549 alieleza kwamba wanavaa kama wachimbaji, wanacheka bure, wanatembea huku na huku ndani ya mashimo kama watu wenye kazi nyingi, na mwisho hawafanyi kitu hata kimoja. Nilipofika hapo kijana wangu akaangusha nguo ndani ya beseni kwa kucheka. Akasema: «Pasta, hata sisi wako kwetu, lakini wale wako na karte ya uchaguzi!»

Sasa sikiliza vizuri. Yule mwizi alikuwa nani? Jiwe lile lilikuwa na kobalti ndani, pamoja na arseniki. Arseniki ndiyo sumu iliyotoka na moshi. Hapakuwa na mtu aliyeiba feza, sababu feza haikuwamo tangu mwanzo. Na jiwe halikuwa la bure. Watu wa kutengeneza vilauri na sahani waligundua kwamba ukilisaga na kulitia ndani ya moto pamoja na mchanga wa kilauri, unapata rangi ya buluu nzuri ajabu. Watu waliuza buluu ile miaka na miaka bila kujua kinachoifanya. Kwa miaka ya 1730, mwenye elimu mmoja wa Uswedi, Georg Brandt, akaonyesha kwamba buluu inatokana na metali moja ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameitenga mbele yake. Ilipaswa kupewa jina. Angeweza kutafuta jina la heshima, lakini akaacha lile la wachimbaji. Basi metali ikaingia katika vitabu vya shule na jina la pepo mchokozi, na hata leo mwanafunzi wa shimi akiandika Co anaandika herufi mbili za kwanza za uchokozi ule.

Na leo jiwe lile la kutupwa ndilo linatafutwa kwa batri za telefone na za motokari. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka kwetu Kongo.

Kijana akauliza swali ambalo nililingojea: «Basi pepo hayuko ndani?» Nikamjibu: jina ni jina. Siku ya posho inaitwa posho sababu zamani wafanyakazi waligawiwa chakula siku ile. Leo wengi wetu tunaamka siku ya posho bila kuona hata kilo moja ya unga, na hakuna anayesema siku imepotea. Jina linatuambia walioliweka walifikiri nini. Halituambii jiwe liko na nini ndani yake.

Lakini nikamwambia neno lingine, na ninaliandika hapa kwa ajili ya wote wanaokwenda kariere. Wale wa Saxe waliogopa kitu kisichokuwako, na kile kilichokuwako waliendelea kukivuta kwa pua. Kobalti yetu ya Katanga kwa kawaida haikushikana na arseniki kama ile yao. Lakini vumbi lake linaharibu mapafu, na haliumizi mara moja, linakuja polepole. Funga kitambaa cha maji kwa pua na mdomo kama huna kitu kingine, oga mbele ya kubeba mtoto, na nguo za kazi zisilale pamoja na blanketi za watoto. Mama yake alipaza sauti kutoka jikoni: «Umusikie, Pasta mwenyewe amesema!» Inaonekana alikuwa ameisema mara nyingi mbele yangu.

Sasa turudi kwa vichekesho, sababu wale watu wa milima ile hawakuishia kwa kobalti. Walipata tena jiwe jekundu-jekundu lililofanana na la mukuba. Wakalichoma. Mukuba haukutoka. Wakakasirika tena, wakaliita Kupfernickel. Kupfer kwa Kijerumani ni mukuba, na Nickel lilikuwa jina la kumwitia pepo mtundu, kama wewe unavyoweza kumwita mbuzi msumbufu kwa jina la jirani. Mwaka wa 1751 mwenye elimu mwingine wa Uswedi, Axel Cronstedt, akapata ndani ya mawe ya namna hiyo metali mpya, akakata jina katikati, akaacha mukuba, akabakiza Nickel. Kwa hiyo nikeli ni ndugu ya kobalti, kwa ukoo na kwa sifa mbaya. Marekani wanafanya nayo kipande chao cha senti tano, na wanakiita nikeli tu. Watoto wanatia pepo mtundu ndani ya mufuko na wanakwenda kununua bonbon.

Na kuna hili, ambalo mimi ninalipenda kuliko yote. Mji ule wa Joachimsthal, kule alikofanya kazi munganga Agricola, ulikuwa na feza nyingi, hata wakubwa wa pale wakaanza kutengeneza feza za kuhesabu zao wenyewe, karibu na mwaka wa 1520. Zilikuwa nzito na nzuri, watu wakazipenda pote. Wakaziita kwa jina la mji: Joachimsthaler. Jina ni refu, linachosha ulimi, wakalikata: thaler. Thal ni bonde, basi maana yake kama «wa bondeni». Neno likatembea kutoka nchi hata nchi, kila watu wakilitafuna kwa meno yao, mpaka likafika kwa Waingereza na Wamarekani likiwa dolari. Ndiyo hiyo! Ile dolari inayohesabiwa sokoni Lubumbashi na Kolwezi, ile ambayo mama wa soko anaiangalia juani, anaigeuza, anairudisha sababu iko na mupasuko mdogo kama ukucha wa mtoto, baba yake ni mji wa wachimbaji. Siku nyingine akikurudishia, mwambie: «Mama, usimkatae huyu wa bondeni, ametoka mgodini kama bwana yako.» Mimi nilijaribu. Alicheka, lakini dolari hakuichukua.

Tutoke Ulaya ile, twende mbali kabisa, Australia ya kusini, mahali panapoitwa Coober Pedy. Mwaka wa 1915 watu wachache walikuwa wanatafuta dhahabu katika jangwa lile. Dhahabu hawakuipata, na maji yalikuwa yanakwisha. Pamoja nao alikuwako mtoto wa miaka 14, Willie Hutchison, aliyefuatana na baba yake. Siku moja mtoto akatoka kutafuta maji, akaokota vipande vya opali. Opali ni jiwe linalocheza na rangi, kama vile mafuta ya gari yakimwagika juu ya maji ya mvua. Tangu hapo watu wakaja kuchimba.

Lakini jua la kule ni kali. Wakati wa joto linapita digri 40, na miti ni michache. Basi wachimbaji wakaona kwamba mahali pazuri pa kukaa ni palepale wanapofanya kazi. Wakachonga nyumba ndani ya mwamba. Hata leo watu wengi wa mji ule wanakaa chini ya udongo kwa mapenzi yao wenyewe. Wako na chumba cha kulala, jiko, televizyo, picha za ndoa kwa ukuta, na ndani hewa ni ya upole mchana na usiku, karibu digri 24. Kuna hoteli chini ya udongo, kuna duka la vitabu, kuna makanisa. Ukitaka chumba kingine sababu mtoto amezaliwa, hununui matofali, unachimba ukuta. Na imetokea mtu akichimba mahali pa kabati akakuta opali. Mama ya watoto wangu aliposikia hivyo alitazama ukuta wetu kwa muda mrefu.

Jina lenyewe ni la wenyeji weusi wa nchi ile, kupa-piti, na kwa kawaida linaelezwa kuwa «shimo la muzungu». Unaweza kuona sura zao siku ya kwanza: watu wageni wamefika, nchi yote iko wazi, na wao wanaingia ndani ya udongo kama panya.

Kule wanacheza hata golfu. Sasa golfu inatakiwa majani mazuri, na kule hakuna jani moja. Wanacheza juu ya udongo mtupu, na kila mchezaji anatembea na kipande chake kidogo cha majani ya uongo chini ya kwapa: anakitandika, anapiga mpira, anakikunja, anaendelea. Mchana kukiwa moto sana wanacheza usiku na mipira yenye kung’aa. Na nje ya mji kuna vibao vya kuonya wageni, vimechorwa mtu akianguka kichwa chini, na kimoja kinakataza watu kutembea kinyumanyuma. Sababu wageni wanapenda kurudi nyuma ili foto iwe nzuri, na mashimo ya zamani ni maelfu na maelfu.

Hapo sikucheka sana. Mwamba wa Coober Pedy ni mgumu, unajishika wenyewe. Udongo wetu hauko vile. Kolwezi, kwa Kasulo, tangu kobalti ionekane chini ya nyumba mwaka wa 2014, watu walichimba ndani ya salo, ndani ya chumba cha watoto, wakafunika na hema. Ninyi mnaokaa kule mnajua kuliko mimi idadi ya waliolia. Kama mtoto wako atasoma habari hii na kusema «Papa, hata Australia wanafanya», umwambie mwamba ni mwamba na udongo ni udongo.

Katika nchi ya Polonia, karibu na mji wa Kraków, kuna mgodi wa chumvi unaoitwa Wieliczka. Walichimba chumvi pale tangu miaka ya 1200 hata mwaka wa 1996. Leo ni watalii tu wanaoshuka, kwa ngazi za mbao, karibu 380 za kuanza nazo, na magoti yanahesabu kila moja. Chini, karibu metre 101, kuna kanisa. Ukuta ni chumvi, sanamu ni chumvi, sakafu ni chumvi iliyochongwa ikafanana na kigae, hata taa kubwa za juu zimetengenezwa na vipande vya chumvi safi kama kilauri. Waliofanya kazi ile si mafundi walioletwa kutoka mji mkubwa. Ni wachimbaji wenyewe, watatu hasa: Józef Markowski, ndugu yake Tomasz, na Antoni Wyrodek. Walianza mwaka wa 1896, na kazi iliendelea karibu miaka 70. Wyrodek alichonga ukutani Chakula cha Bwana na wanafunzi wake, na ukiitazama foto utafikiri meza inaingia ndani ya mwamba metre nyingi, kumbe ni kina kidogo tu.

Kanisa linaitwa kwa jina la Kinga, binti wa mfalme wa Hungaria. Ndiyo, Kinga! Nilipowasomea vijana jina hilo, mmoja akauliza kama linabeba mufuko moja ya makala ao mbili. Hapana, si ile kinga yako ya miguu miwili. Wanasimulia kwamba alipoolewa Polonia alitupa pete yake ndani ya shimo la chumvi kwao Hungaria, na wachimbaji wa Polonia wakaikuta ndani ya kipande cha kwanza cha chumvi walichokipasua. Hiyo ni hadisi ya kale, ninawapa kama nilivyoipokea. Sisi Waprotestanti hatuko watu wa sanamu, lakini ninafikiri sana wanaume wale watatu, wanamaliza zamu ya kutafuta mkate, na badala ya kupanda juu kulala, wanakamata tena patasi. Na ndiyo, wageni wanalamba ukuta. Wanaruhusiwa. Karibu wote wanajaribu.

Niliacha mwisho habari ya ndege, sababu ilinigusa nyumbani kwangu.

Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza wachimbaji walikuwa wanashuka na ndege mdogo wa manjano anayeitwa kanari, ndani ya kitundu. Mwalimu mmoja wa mambo ya pumzi, John Scott Haldane, ndiye aliyeshauri hivyo kwa miaka ya 1890. Kuna gazi moja inayotokea moto ukiwaka bila hewa ya kutosha. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Unasikia kichwa kinauma, unasikia usingizi mtamu, unalala, huamki. Kanari ni mdogo na anapumua mbio, gazi inamwangusha mbele ya mtu. Ndege akiyumba, watu wanakimbia. Lakini usifikiri walimwacha afe! Kulikuwa na vitundu vya pekee vyenye chupa ndogo ya oksijeni juu yake. Kanari akianguka, mchimbaji anafunga mlango wa kitundu, anafungua chupa, na ndege anaamka. Wachimbaji waliwapenda sana, walikuwa wanawapigia mluzi wakiwa kazini. Serikali ilipotangaza mwaka wa 1986 kwamba mashini itachukua nafasi yao, walikuwa wamebaki ndege zaidi ya 200 kazini, na wachimbaji wengi walisikitika kuagana nao. Mashini haiimbi.

Sasa ya kwetu. Ni miaka michache imepita, mwezi wa sita, wakati wa baridi. Mnajua baridi ya Katanga usiku wa mwezi wa sita. Mama ya watoto aliingiza mbabula ndani ya chumba cha watoto ili wapate joto, na mimi, mwenye hekima ya Shule la Biblia, nikafunga dirisha na kuziba nafasi ya chini ya mlango na gunia. Ndani ya chumba kile kulikuwa na kuku jike tuliyepewa kanisani kwa sadaka ya mavuno. Tulimfunga mguu pale sababu nje kuna wezi. Usiku wa manane mtoto wa pili akalia kwamba kichwa kinamuuma. Nikaingia na taa. Kuku amelala ubavu, mdomo wazi, mabawa yamefunguka. Neno langu la kwanza lilikuwa: «Ugonjwa wa kuku umeingia!» Nikamkamata miguu, nikamtupa nje, ili asiambukize wengine wa jirani. Mama ya watoto, yeye aliangalia watoto, hakuangalia kuku. Akafungua mlango, akafungua dirisha, akatoa mbabula nje, akawatoa watoto wote uani katika baridi wakiwa na blanketi. Wawili walitapika. Asubui wote walikuwa wazima.

Na kuku? Tulipotoka kulipokucha alikuwa anatembea karibu na jiko, anakwangua udongo, anatuangalia kama watu waliomkosea. Na tulimkosea. Watoto walimwita Munganga. Hakuchinjwa. Aliishi kwetu mpaka uzee, akataga kidogo sana na kula sana, na mgeni yeyote aliyemtazama kwa njaa alisimuliwa habari hii mpaka akakubali kula sombe. Tangu usiku ule mbabula yetu inazimikia nje. Kama kwenu inalala ndani, leo jioni, mbele hata ya kumaliza gazeti, mwende mkaitoe.

Kijana wetu amerudi kwa kwaya, na kwa mchezo wa siku ya posho. Sasa anaogopwa. Akisimama na kusema «Pasta, niko na yangu», mimi ninanyamaza, ninatuma mtoto nyumbani kuleta diksionere. Posho iliyopita ameleta mambo matatu kwa mpigo, na akaniomba niyatie hapa kwa ajili yenu. Katika Australia kuna mnyama anayetaga mayai na tena ananyonyesha watoto wake maziwa. Katika Uswisi kuna miti inayozaa spageti, watu wanazichuma na kuzianika juani. Kati ya Ubelgiji na Uholanzi kuna mji ambamo mpaka wa nchi unapita ndani ya nyumba za watu, hata mtu anaweza kuwa na kitanda katika nchi moja na jiko katika nyingine. Mawili ni kweli, moja ni bongo. Andikeni jibu kwa karatasi, mlete kwa pasta wenu ao kwa biro ya gazeti mbele ya mwisho wa mwezi. Watoto wasisaidiwe na baba. Na baba asisaidiwe na telefone.